Bahari Nyuma ya Banda la Ng'ombe

Kama umewahi kuishi jirani na mtu asiyejibu swali, utanielewa. Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako. Mimi niliishi naye miaka mingi, tumetenganishwa na mfongo tu, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni na kupita katikati ya migomba yetu hapa Machame, na mpaka leo nikimkumbuka natamani kucheka na kurusha kitu kwa wakati mmoja.

Tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia, hata mke wake. Alinifundisha fizikia sekondari, akastaafu, nami nikaja kuolewa kwenye kihamba, shamba la ukoo, kinachopakana na chake, ikawa kama sikumaliza shule. Unamsalimia, "Shikamoo Mwalimu," anaitikia, "Marahaba," halafu badala ya kukuuliza habari za nyumbani anakuuliza kwa nini maji ya mfongo yanajizungusha pale penye jiwe. Wewe una mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, shingo inakuuma, na mzee amesimama anasubiri jibu.

Lakini wewe sasa muulize yeye. "Mwalimu, leo itanyesha?" Atatazama juu mlimani, atatazama chini kuelekea Moshi, atavuta pumzi, utadhani linakuja. "Inategemea." Jamani! Inategemea hata mimi naijua. Nimeanika kahawa, nataka kujua niitoe au niiache. "Kwa muda mfupi, hainyeshi," anasema. "Muda mfupi ni mpaka lini, Mwalimu?" "Mpaka uanze kuwa mrefu." Naye anasema hivyo kwa upole kabisa, bila dharau, na hapo ndipo damu inapokuchemka zaidi, kwa sababu mtu mwenye dharau ungemjibu.

Nyuma ya banda lake la ng'ombe alikuwa na bahari. Nasema bahari kwa sababu yeye mwenyewe aliiita hivyo, na ukiiita kitu kingine anakurekebisha. Ilikuwa ringi ya baiskeli iliyosimamishwa kwenye nguzo, na kuizunguka ringi amefunga makopo ya maziwa ya unga, kila kopo limetobolewa tundu chini kwa msumari. Juu yake alipitisha bomba dogo la maji kutoka kwenye mfongo. Maji yanaingia kwenye kopo la juu, kopo linalemewa, linashuka, gurudumu linazunguka, kopo jingine linakuja juu kuchukua zamu yake, na yale yaliyoshuka yanavuja taratibu mpaka yanabaki matupu. Basi. Hiyo ndiyo bahari.

Nilipoiona mara ya kwanza niliuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, bahari yenyewe iko wapi?"

"Umesimama mbele yake."

"Samaki je?"

"Nimewatoa."

"Mawimbi? Visiwa? Chumvi?"

"Nimetoa vyote. Ukitaka kuelewa kitu kikubwa, unakipunguza mpaka kibaki kile usichoweza kukitoa. Nimebakiza jambo moja: maji yaliyopoa ni mazito yanashuka, maji yenye joto ni mepesi yanapanda. Kopo lililojaa ni maji mazito. Tundu ni ule uzito unaopotea kadiri maji yanavyopata joto. Sasa tazama."

Akafungua bomba kidogo sana. Gurudumu halikutikisika, maji yanaingia kopo la juu na kuvuja, yanaingia na kuvuja. Akafungua kidogo zaidi. Likaanza kuzunguka, taratibu, kuelekea kulia, sawasawa, ungeweza kulala ukilitazama. Nikasema, "Haya, nimeona, limependeza," nikageuka niende zangu kukamua. "Subiri," akasema, akaongeza maji mara ya tatu. Na hapo, Mungu wangu, likaanza mambo yake. Linaenda kulia kwa kasi, linapunguza, linasita juu pale na kopo limejaa, unadhani litaendelea, linarudi kushoto. Linaenda kushoto mizunguko kadhaa, linarudi kulia. Linakwenda kidogo, linarudi tena. Hakuna aliyeligusa. Maji ya bomba ni yale yale, hayaongezeki wala hayapungui.

"Lina wazimu," nikasema.

"Usiseme wazimu. Kila linachofanya kina sababu, na sababu zote ziko hapa mbele yako. Gurudumu linakwenda kasi gani, uzito umeegemea upande gani, na uzito uko juu au uko chini. Vitu vitatu tu! Watu wanadhani bahari haitabiriki kwa sababu ni kubwa. Hii yangu inaingia kwenye sufuria ya arusi, na bado haitabiriki."

Alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyepokea mahari. Mimi ng'ombe wangu alikuwa analia bandani.

Mkewe, tuliyemwita Mama Mwalimu, ndiye aliyekuwa mtu wa kuhurumiwa. Maji ya mfongo huku kwetu ni ya zamu. Kila nyumba ina siku yake, na mwenyekiti wa mfongo anapita na jembe begani kuhakikisha hakuna anayeiba ya mwenzake. Siku ya zamu yao mama wa watu anataka maji yaende kwenye magimbi na migomba, mzee ameyapeleka baharini. Mwenyekiti alikuja kulalamika si mara moja. "Mwalimu, watu wanasema unachezea maji." Mwalimu akamketisha kwenye kigoda akamweleza habari za maji mazito na maji mepesi mpaka mwenyekiti akasahau alichofuata, akaondoka anatikisa kichwa. Magimbi yakaendelea kunyauka.

Mwanzoni Mama Mwalimu alisema ni upepo unaoligeuza gurudumu. Mzee akajenga ukuta wa mabati kulizunguka. Likaendelea kugeuka. Akasema basi ni ng'ombe anapokanyaga chini, ardhi inatikisika. Ng'ombe akahamishiwa upande wa pili wa nyumba, na banda likabaki tupu kwa heshima ya bahari. Likaendelea kugeuka. Mwishowe mama akakaa na bakuli lake la ndizi, anamenya, na bila kuinua macho anasema, "Sasa litageuka." Na linageuka! Alikuwa anapatia mara nyingi mno kuwa bahati. Mwalimu alichunguza jambo hilo, akagundua kwamba mkewe anasikia gurudumu linaposita na kopo zito likiwa bado juu, na hapo kugeuka kunakuwa karibu. "Mbele kidogo anaona," alituambia kwa fahari. "Muulizeni mgeuko wa tatu kutoka sasa." Mama akajibu, "Niulizeni chakula kitaiva saa ngapi kama mnaendelea kunisumbua."

Halafu akaunda gurudumu la pili. Kwani la kwanza lilikuwa halitoshi? Ringi ya aina ile ile, makopo ya aina ile ile, matundu ya msumari ule ule, bomba limegawanywa sawa kwa sawa. Aliita watu tuje tuone, siku ya Jumapili baada ya ibada, na tukaja kwa sababu Mama Mwalimu alikuwa amepika kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Akayaachia yote mawili kwa pamoja. Kwa muda yalikwenda kama mapacha, kulia pamoja, kushoto pamoja, watu wakapiga makofi. Kisha moja likachelewa kugeuka kidogo tu, kufumba na kufumbua, na kuanzia hapo kila moja likashika njia yake, hili kulia lile kushoto, wala hayakujuana tena. Mwenyekiti akauliza lipi limeharibika. "Hakuna lililoharibika," Mwalimu akasema. "Yalianza na tofauti ya tone moja. Labda nusu tone." Mtu akanong'ona nyuma yangu kwamba mzee huyu angepewa shamba kubwa zaidi asingepata nafasi ya haya yote.

Hesabu ya mambo hayo alikuwa anaipiga kwenye ubao mweusi aliouangika ukutani kwenye veranda, kwa chaki, tarakimu ndefu zenye mkia baada ya nukta. Siku moja Mama Mwalimu alikuwa anakung'uta blanketi, kiwiko kikafuta tarakimu ya mwisho ya mstari mmoja, ile ya kijinga kabisa iliyo mwisho wa mkia. Mzee hakuona, akaendelea na hesabu yake siku nzima. Alipokuja kulinganisha na hesabu ya wiki iliyopita, ilikuwa bahari nyingine! Mtu mwingine angegomba. Huyu alitoka mbio bila viatu, akavuka mfongo, akaniita shambani kwangu, "Njoo uone alichofanya mke wangu!" Nikaacha jembe nikakimbia, nadhani mama ameanguka kwenye kisima. Nafika, nimetweta, naoneshwa namba.

Bahari yenyewe, ile ya kweli, aliiona mara moja. Binti yao alipoolewa Tanga walikwenda wote, na wenyeji kwa ukarimu wao wakawapeleka ufukweni. Mama Mwalimu alituhadithia kwamba mzee alisimama pale na koti lake la Jumapili, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Vitu vingi mno," akarudi kukaa kwenye gari.

Na kama unadhani mtu anayeamini hakuna anayejua kesho atakuwa mlegevu wa ratiba, hukumjua. Ibada ya kwanza alikuwa anafika kabla ya mtunza kanisa. Alikuwa anamkaripia mkewe kuhusu chumvi: "Kidogo ndiyo kiasi gani? Mimi nakuambia tone moja linageuza bahari, wewe unaniambia kidogo!" Mama akamjibu kwamba kama ni hivyo na apike mwenyewe, na mjadala ukaishia hapo. Shuleni pia alikuwa hivyo hivyo. Walimu wengine walituambia waziwazi, wewe utafika mbali, wewe utaishia kuuza vitumbua. Yeye hakuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote atafaulu wala atafeli. Tulidhani hakutupenda. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima, akasema, "Ningejuaje?"

Watu lakini ni watu, na wakinyimwa jibu watajitafutia. Bila yeye kujua, kina mama wa upande wetu wakaanza kupita kwenye ua wake wakienda sokoni, kuchungulia. Gurudumu likienda kulia, mvua ipo. Likienda kushoto, anika kahawa yako kwa amani. Mambo yakafika kanisani, na mzee wa kanisa akaja kuuliza, amekaa wima na kofia magotini, kama ni kweli Mwalimu anapiga ramli kwa makopo. Ndiyo siku pekee niliyomwona amekasirika hasa. "Ramli inatoa jibu!" alifoka. "Umewahi kunisikia mimi nikitoa jibu?" Mzee wa kanisa akafikiri, akakiri hajawahi, akanywa chai akaondoka. Sisi majirani tuliosikia kutoka upande wa pili wa mfongo tulicheka mpaka machozi.

Mimi nilicheka pia. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Sisi wa huku juu tunakaa kwenye kihamba, penye migomba na kahawa na ng'ombe, lakini chakula cha kuweka ghalani kinatoka shamba la chini, kule tambarare ambako jua ni kali na hakuna mfongo, kuna mvua tu. Kule ukikosea siku ya kupanda umekosea msimu mzima. Kwetu aliyekuwa anaamua siku hiyo ni mume wangu, Baba Neema. Anaamka asubuhi moja anasema, "Kesho tunashuka," na tunashuka, na mara nyingi alipatia. Sikuwahi kumuuliza alijuaje. Alipofariki aliondoka na kujua kwake, akaniacha na Neema na mama yake mzazi na lile shamba.

Mwaka uliofuata masika yakatuangusha, mahindi yakakaukia yakiwa kiunoni. Ghalani zilibaki mbegu za maharage za kupanda mara moja tu. Tegemeo likawa vuli. Redioni wanasema mvua za vuli zinatoka baharini, bahari ikipata joto upande wetu tunapata, ikipata joto upande wa kule mbali tunakosa. Nikasema, haya, bahari si iko hapa ng'ambo ya mfongo? Nikaenda.

Alikuwa amekaa mbele ya magurudumu yake. Mama Mwalimu yuko pembeni anachambua mboga.

"Shikamoo Mwalimu. Nipande au nisubiri?"

"Marahaba, Mama Neema. Panda nusu, subiri nusu. Jiandae kwa yote mawili."

Hilo ndilo alilokuwa analisema siku zote, kwa kila mtu, kwa kila jambo. Jiandae kwa yote mawili! Mwenye ghala mbili ajiandae kwa yote mawili. Nilikuwa sijalala sawasawa tangu masika yaishe.

"Nusu ya debe ni nini, Mwalimu? Nikipoteza nusu, nusu iliyobaki haitulishi. Leo sitoki hapa. Miaka yote umekaa na haya makopo, maji umemaliza, magimbi ya mama yamekufa, na mtu akikuuliza neno moja tu unamwambia inategemea. Basi yana faida gani? Niambie, panda au subiri?"

"Jibu hilo sina."

"Unalo! Unanibania!" Nikaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine. Mama Mwalimu aliacha mboga zake. Gurudumu likageuka, likageuka tena. Mzee alinitazama, si kwa macho yake ya darasani.

"Panda," akasema.

Ah, wewe! Sijui kama unaelewa neno moja linavyoweza kumpumzisha mtu. Nilirudi nyumbani nikalala kama mtoto, na kesho yake tukashuka, mimi na Neema na wifi yangu, tukapanda yote. Mvua ikanyesha. Maharage yakatoka, majani mawili mawili, mazuri, nikaimba njia nzima kurudi. Kisha mvua ikakata. Jua likawaka, likawaka, na nilipoyaona tena yalikuwa yamelala chini, ukiyagusa yanavunjika. Wiki kadhaa baadaye mvua ya kweli ikaja, ikanyeshea udongo mtupu. Niliuza mtamba wangu niliyekuwa namtegemea kwa maziwa ya mbele, tukala.

Sikwenda kumfokea. Nilifanya kibaya zaidi: niliacha kumsalimia. Nilipita mbele ya ua wake na majani kichwani, naye amesimama pale, na sikusema shikamoo. Anayejua watu wetu anajua hilo ni tusi la namna gani kwa mzee aliyekufundisha. Nilikuwa namchukia kwa miaka yote ya inategemea, na zaidi kwa siku moja aliyoacha kuisema.

Siku moja asubuhi nimetoka kukamua, namkuta kwenye lango. Koti la Jumapili, na ilikuwa Jumanne. Mkononi ameshika jani la isale, limefungwa fundo. Isale ndiyo ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekukosea akija nayo mkononi, humkatalii, hata kama amemuua ndugu yako. Lakini huwa anayeileta ni mdogo kwa mkubwa, au mtu kwa rika lake. Mwalimu mwenye mvi kumletea mwanafunzi wake! Nikatazama huku na huku nani anaona.

"Mwalimu, jamani, usinifanyie hivi. Mvua si yako."

"Mvua si yangu," akasema. "Neno 'panda' lilikuwa langu. Jibu sikuwa nalo, nikakupa."

"Kwa nini sasa?"

Akatazama lile jani. "Ulikuja na uso wa mtu asiyelala. Nikataka ulale."

Nikalipokea. Ungefanyaje? Hata hasira yangu aliniharibia, hasira niliyoichunga vizuri mwaka mzima, nikabaki nayo mkononi sijui niiweke wapi. Nikampa maziwa anywe, akaniuliza kwa nini povu linakaa juu.

Tangu hapo nilipanda nusu, nikasubiri nusu. Iko misimu nusu ya kwanza ilikufa ikaishi ya pili, na mingine ilikuwa kinyume chake. Hatukushiba sana, hatukulala njaa. Nilikwenda kumuuliza kila vuli, naye alinijibu kila vuli kwamba hajui, na kila mara niliudhika upya. Lakini sikuwahi kumbana tena.

Mama Mwalimu alitangulia. Tulimzika kwenye kihamba chao, karibu na mfongo, tukazungushia masale. Baada ya hapo mzee akaanza kudhoofu, miguu kwanza, kisha kifua. Binti yao mwingine, anayeishi Moshi mjini, akamchukua akae naye mtaa wa Majengo ili awe karibu na hospitali. Nyumba ikafungwa. Ng'ombe nikamchukua mimi. Magurudumu yakabaki kule nyuma, kopo moja likang'oka, bomba likaziba kwa majani.

Mwaka huu, vuli ikiwa inaanza anza, nilimpelekea mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai. Wanakaa vyumba viwili uani, nyuma ya duka la fundi cherehani. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, mwembamba kiasi kwamba shati lilikuwa kama limeanikwa juu yake. Binti yake alinivuta pembeni. "Daktari hasemi vizuri," akaninong'oneza. "Kila siku Baba anauliza kama atarudi Machame, nami namwambia ndiyo Baba, Krismasi tunakupeleka." Akafuta macho akaingia ndani kutafuta bakuli.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tulizungumza habari za ng'ombe. Aliuliza kama gurudumu linazunguka, nikasema halizunguki, limekwama. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

"Mama Neema. Krismasi watu wote watakuwa nyumbani. Nami nitakuwepo?"

Nikaitazama chupa ya mtori.

"Huyu mwanangu ananiambia ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Sasa nakuuliza wewe. Nitakaa kwenye veranda yangu au sitakaa? Usinizungushe. Ndiyo au hapana."

Uso wake ulikuwa uso wa mtu asiyelala. Nakwambia, ile "ndiyo" ilikuwa tayari imefika mdomoni. Ingenigharimu nini? Mzee angepumzika, angekunywa mtori wake. Niliielewa ile siku aliyoniambia panda, yeye na mimi na mboga za Mama Mwalimu, kama vile nimehamishiwa kwenye kiti chake. Na niliyakumbuka maharage.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

Alinitazama. Kisha akaachia mkono wangu akapiga paja kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Unaudhi, wewe mama! Mtu anakuuliza neno moja tu!"

"Nilifundishwa."

Akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, binti akatoka mbio na maji akinitazama vibaya. Alipotulia akajifuta mdomo. "Kwa muda mfupi je?" akauliza.

"Kwa muda mfupi, ndiyo. Alhamisi ijayo nitakuja na mtori, nitakukuta hapa unalalamika chumvi."

"Na mbele?"

"Mbele sioni. Nitajiandaa kwa yote mawili."

Akafumba macho, na mabega yake yakashuka. Nilidhani nimemuumiza, kumbe alikuwa anasinzia.

Nilipanda juu siku ile ile, na ufunguo aliokuwa amenikabidhi. Nilifungua nyumba yake, madirisha yote, nikatoa godoro nikalianika juani, nikafua mashuka, nikapangusa vumbi kwenye kiti chake cha veranda. Halafu nikachukua jembe nikaenda kando ya mfongo, kwenye kaburi la Mama Mwalimu. Masale yalikuwa yameenea, yamefunga ule upande wa kushoto. Niliyapunguza, nikang'oa magugu, nikasawazisha ardhi mpaka ikabaki nafasi ya kutosha, nafasi ya mtu mmoja. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimekasirika. Mzee mzima anakuachia kazi mbili kwa siku moja!

Mwenyekiti wa mfongo alikuwa anapita na jembe lake begani. Akasimama ng'ambo, akaona godoro kwenye uzio na mimi nimejaa udongo mikononi.

"Mama Neema," akaita, "nauliza habari ya zamu ya Mwalimu. Watu wanaitaka. Niwape, au mwenyewe anarudi?"

Nikatazama nyumba iliyo wazi, nikatazama ile nafasi kando ya mkewe. Kutoka mlango wa nyumba hadi pale kaburini hazikuwa hata hatua nyingi, na pote pawili palikuwa kwenye kihamba hiki hiki.

"Zamu yake usimpe mtu," nikamwambia. "Anarudi."